Daktari wa Koti la Mkono Mmoja

Nianze na langu, kabla majirani hawajaniwahi. Mimi ndiye yule fundi cherehani wa Chang'ombe aliyemwagia ng'ombe ndoo mbili za maji kwa sababu aliambiwa ng'ombe ana joto.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, mchana, jua lile la Dodoma linalomfanya hata mjusi achague pa kukanyaga. Daktari, jirani yangu wa miaka kumi na minane, alikuwa ameniachia agizo moja tu.

"Fundi, wewe huna pa kwenda, unashinda hapa hapa. Mwangalie Pendo. Ukimwona yuko kwenye joto, nipigie simu saa hiyo hiyo, usingoje."

Pendo ni ng'ombe wangu. Mwekundu, wa kienyeji, mwenye nundu ndogo na tabia nzuri kuliko ya mwenye nyumba. Basi siku hiyo Pendo akaanza kulia. Akalia, akazunguka zizi, majani hataki, mkia kauweka pembeni, na huko nyuma anadondosha ute mwembamba kama wa yai. Nikamwangalia nikamwonea huruma. Nikasema kweli huyu ana joto, nani asingekuwa nalo? Nikamfunga kivulini, nikachukua ndoo mbili, na mtu wa Dodoma anajua ndoo mbili za maji ni kitu gani, nikammwagia kuanzia nundu mpaka mkia. Halafu nikampepea kwa kipande cha boksi.

Kesho yake jioni Daktari akapita. Nikamwambia kwa majivuno, "Jana alikuwa na joto kali sana, lakini nimeshalishusha."

"Umelishusha?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa maji."

Alimtazama Pendo, akanitazama mimi, akaegemea ukuta wa choo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipopata pumzi akanieleza, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto mambo ya wakubwa, kwamba joto lile haliko kwenye ngozi. Ni zile saa chache ambazo ng'ombe anataka dume. Zikipita, mimba hakuna mpaka siku ishirini na moja nyingine zitimie.

Kicheko kilipoisha akaanza kuhesabu kwa vidole, na hapo sura ikabadilika kidogo. Kwenye mtungi wake wa gesi baridi, ule wa kugandishia mbegu, ilikuwa imebaki mirija miwili tu ya mbegu za dume mmoja aliyekwisha kufa. Dume huyo hakuacha ndama hata mmoja aliye hai. Na mwisho wa mwaka Daktari alikuwa anastaafu, mtungi unarudi kazini. Kwa hiyo dume yule alikuwa amebakiwa na nafasi mbili za kurudi duniani, na zote mbili zilikuwa zinapitia kwa ng'ombe wangu, na ng'ombe wangu alikuwa chini ya uangalizi wangu.

Nadhani sasa unaelewa kwa nini nimeamua kuandika habari za mtu huyu. Ni deni la ndoo mbili.

*

Tulifahamiana kwa sababu ya koti. Alikuja barazani kwangu na kitambaa cha kijani, kile kigumu cha makoti ya kazini, akaniambia nimshonee koti refu lenye mkono mmoja. Wa kulia.

Mimi nimefika kidato cha nne na hesabu za mikono nazijua. Nikaona huyu mama kakosea kusema, na mteja akikosea, fundi mwenye adabu anamsitiri. Nikashona mikono miwili, tena mizuri, yenye vifungo. Alipokuja kulichukua akalivaa, akajitazama, akaomba mkasi wangu, akaukata mkono wa kushoto begani kabisa mbele ya macho yangu.

"Huu," akasema akininyooshea mkono wake mtupu, "unaingia ndani ya ng'ombe mpaka hapa." Akagusa karibu na kwapa. "Sasa hivyo vifungo vyako vingemtekenya."

Tangu hapo nilimshonea makoti saba, yote ya mkono mmoja. Vitambaa vya mikono iliyobaki nilivishona foronya.

Kazi yake, kwa maelezo yangu mimi fundi, ilikuwa hii. Kwa miaka yote niliyomjua alikuwa akitafuta jibu la swali moja: kwa nini ng'ombe wengi wa kwetu huku, kwenye nyanda hizi kavu, hukaa miaka bila kushika mimba. Alikuwa na madaftari yamejaa kabati mbili. Kila ng'ombe aliyemgusa alikuwa na ukurasa wake, na aliandikwa kwa jina, hata kama kazini walimpa namba. Kulikuwa na Mwajuma, Shida, Njoolea, Mkwe. Ungelisoma daftari moja bila kujua, ungedhani ni orodha ya kikundi cha kinamama wa kufa na kuzikana.

Alikwenda na majibu yake nje ya nchi mara kadhaa, akayasoma mbele ya wasomi wenzake kwa Kiingereza. Akirudi, mimi naulizia ndege, yeye ananisimulia mirija ya uzazi ya kondoo wa huko. Nikamwambia siku moja, "Daktari, umefika Ulaya, hukuona hata ghorofa?" Akafikiri kwa dhati kabisa. "Niliona. Nyuma yake kulikuwa na zizi."

*

Alikuwa na neno lake. Kila mtu aliyemjua analijua, na wengine tunalitumia hadi leo bila kukumbuka limetoka wapi. Ukimletea lawama yoyote, iwe ya mfugo au ya mtu, atakuuliza: "Na dume umempima?"

Lilitokana na kazi. Mfugaji analalamika ng'ombe wake tasa, anataka kumuuza au kumchinja, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kasoro inaweza kuwa ya yule bwana mwenye nundu anayetamba zizini. Lakini yeye alilipeleka kila mahali. Mtoto wangu Salma akafeli hesabu, mimi namfokea, Daktari anapita na bahasha zake: "Na dume umempima?" Maana yake, mwalimu je? Na wewe baba mtu, hesabu unaziweza? Cherehani ikakata uzi siku nzima, nailaani cherehani. "Na dume umempima?" Nikakagua uzi. Uzi ulikuwa mbovu.

Mimi ni mtu wa nyumbani, nikivuka barabara ya lami nahesabu ni safari. Lakini siku moja nilitoka naye hadi kijiji kimoja njia ya Kondoa kwa sababu vijana wake wa kazi walitaka kupimwa makoti. Tulikwenda na pikapu. Mtungi wa gesi ulikaa mbele, pembeni ya dereva, umefungwa mkanda. Mimi nikakaa nyuma na viatu vya mpira. Nilipolalamika Daktari aliniambia mtungi ukianguka unamwagika, mimi nikianguka nitasimama.

Huko kulikuwa na mzee mfugaji mwenye madume mawili. Mmoja aliitwa Jemadari. Sijawahi kuona mnyama mzuri namna ile: mweusi, nundu kama mlima, akitembea hata mbwa wanakaa pembeni. Wa pili aliitwa Kipembe, kadume kekundu, kafupi, pembe ya kushoto imepinda ikashuka mpaka karibu na jicho, kana kwamba inataka kumnong'oneza kitu. Mzee alikuwa akilalamika kwamba majike yake yameingia uvivu, mwaka wa pili hayazai isipokuwa machache.

"Mbukwa, mzee," Daktari akamsalimu kwa Kigogo chake kibovu. "Na dume umempima?"

Mzee akacheka kwa dharau. "Jemadari? Mwangalie mwenyewe, Daktari."

Jinsi mbegu za dume zinavyochukuliwa sitaieleza, maana gazeti hili husomwa mezani. Zilichukuliwa. Daktari akaweka tone kwenye kioo, akaweka kioo kwenye hadubini yake ya zamani, ile inayotumia kioo cha kunasa mwanga wa jua, akaangalia, kisha akampisha mzee.

Mzee akainama muda mrefu. "Sioni kitu, Daktari."

"Angalia vizuri."

"Naangalia. Hakuna kitu. Peupe."

"Basi hayo ndiyo majibu yenyewe, mzee wangu."

Mimi nikajifanya napima mguu wa meza. Halafu likaja tone la Kipembe. Mzee akainama tena, safari hii bila hamu, na mara akaruka nyuma kama aliyechomwa.

"Mbona kama siafu!"

"Ndiyo. Na majike machache yaliyozaa, kaulize yalikuwa yakilala upande wa nani."

Daktari alipofuatilia yale majike miaka iliyofuata, aligundua jambo lililomfanya asilale. Mabinti wa Kipembe walikuwa wakishika mimba hata mwaka wa njaa, mwaka ambao wenzao wamekonda hadi mbavu zinahesabika na hawataki habari za dume. Kwa nchi kavu kama hii, hiyo ni habari kubwa kuliko maziwa mengi. Akachukua mbegu zake akazihifadhi. Nyingi zikatumika kwenye utafiti wake wa vijijini. Kisha ukaja ule ukame ambao kila mtu wa huku anaukumbuka kwa hasara yake mwenyewe. Kipembe akafa, mabinti wakafa, wajukuu wakafa. Yule mzee alimpigia Daktari simu, akamwambia maneno machache tu: "Kipembe amebaki kwako." Kwake maana yake ni mtungini.

*

Kuhusu mtungi, niseme kidogo. Ukiufungua unatoa moshi mweupe mzito unaomwagika chini kama uji uliofurika. Bi Mwanahawa, jirani yetu wa ukuta wa pili, mzee wa Kondoa mwenye ulimi usiotafuta vibali, aliuona moshi huo mara ya kwanza akiwa anaanika ufuta. Akaita wapangaji wote. "Moshi usio na moto, mimi nauita kwa jina lake," akasema, na alilitaja: gongo. Daktari akaenda kumsalimia. "Shikamoo, Bi Mwanahawa." Akamwonyesha, akachovya jani la mchicha ndani, akalitoa, akalibonyeza likavunjika kama kioo. Bi Mwanahawa akalitazama. "Marahaba. Kwa hiyo mnagandisha mchicha. Na mshahara mnalipwa?"

Daktari alikuwa mtu wa mambo yasiyokubaliana. Maisha yake yote alihangaika ili watu wapate maziwa, na maziwa hakunywa. Alisema yanamrudisha kazini. Chai yake ya rangi, tangawizi nyingi. Aliweza kusimama nyuma ya fahali mwenye hasira akimkwaruza mgongo na kumwita baba, lakini alikuwa anaogopa jogoo. Siyo kuogopa kidogo. Jogoo wa Bi Mwanahawa akiwa getini, Daktari anapiga simu kutoka ndani: "Fundi, njoo unitoe."

Na kuchelewa. Kwa ng'ombe hakuwahi kuchelewa hata dakika, kwa watu hakuwahi kuwahi. Salma wangu alipoolewa huko Kondoa, Daktari alifika pilau limekwisha, yuko na viatu vya mpira, koti la mkono mmoja limekunjwa chini ya kwapa, kwa sababu njiani alisimamishwa na mtu mwenye ng'ombe. Alileta zawadi kwenye bahasha. Mshereheshaji akaifungua akaisoma kwa sauti ya spika:

"Kutoka kwa Daktari, jirani wa bibi harusi. Zawadi: mimba moja!"

Wakwe walishikana mikono. Shangazi mmoja akakaa chini. Mshereheshaji akasimama na ile kadi, na ikabidi mimi nipande jukwaani, mimi ninayeona aibu hata kuita muuza mkaa, nikaigeuza kadi upande wa pili palipoandikwa "ya ng'ombe, kwa mbegu bora, wakati wowote." Leo mkwe wangu ana ng'ombe watatu wa maziwa waliotokana na kadi ile, na bado anaitwa Mimba Moja sokoni.

Tena kulikuwa na suala la cheo chake. Watu walisikia mtaani kuna daktari wa uzazi, bingwa, amesomea ughaibuni. Wakaja. Siku moja walikuja mke na mume kutoka mbali, wamevaa vizuri, mkoba wa mke umejaa vyeti vya hospitali. Mume alikaa kama aliyemsindikiza tu mgonjwa. Mimi nilikuwa pale nikibadilisha mapazia. Nilitegemea Daktari acheke, awaambie yeye anatibu wenye miguu minne. Hakucheka. Aliwakaribisha chai, akasoma vyeti vyote hadi cha mwisho, akavikunja. Akamwambia mke kwa upole kwamba yeye ni daktari wa mifugo, akawaandikia waende wapi. Kisha akamgeukia mume.

"Baba, naona karatasi zote hizi zina jina la mama. Zako zimesahaulika nyumbani?"

Mume akatazama viatu vyake.

"Basi mkienda, nendeni wote wawili," akasema. Lile neno lake hakulitamka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilimeza. Yaliyowapata baadaye siyajui, na hayanihusu.

*

Turudi kwa Pendo, maana najua unamgojea.

Siku ishirini na moja zilipotimia sikutoka nje ya uzio. Nililala na kitabu cha alama za kutazama, alichoniandikia Daktari kwa mkono na kuondoa kabisa neno joto. Aliandika "anataka dume." Baadaye nilisikia hata kwenye mafunzo ya wafugaji amelifuta neno lile, na kwamba anawasimulia habari za "fundi mmoja wa mjini." Alisema neno hilo limempotezea ndama wengi kuliko ugonjwa wowote, na ilibidi apatikane mjinga wa kutosha ndipo aligundue. Kwa hiyo na mimi nimechangia sayansi.

Pendo alianza kulia alfajiri. Nikapiga simu. Jioni Daktari akaja, saa zile zile anazosema mbegu ziingie, akavaa koti, akapaka sabuni mkono wa kushoto mpaka begani, akasimama nyuma ya Pendo.

"Hodi hapa," akasema.

Nikadhani kuna mtu getini, nikageuka. Yeye amesimama tu, mkono juu, povu linadondoka.

"Fundi, nimesema hodi."

"Kwa nani?"

"Kwa wenyewe. Naingia ndani ya mtu, niingie bila hodi? Na mwenye ng'ombe ndiye anayeitikia."

"Karibu, Daktari."

"Ahsante. Sasa shika mkia."

Alikuwa hivyo kwa kila ng'ombe, kila kijiji. Bila karibu ya mwenyewe haingizi hata kidole. Vijana wa chuo waliokuja kujifunza kwake walicheka wiki ya kwanza, wiki ya pili unawasikia wenyewe zizini, hodi, hodi.

Mrija wa kwanza ulitumika jioni hiyo. Siku ishirini na moja baadaye, mwanzoni mwa Oktoba, Pendo akaanza kulia tena. Haikushika.

Nilikasirika, na mtu mzembe akikasirika humlaumu mwenzake. Nikaanza: Pendo huyu mzee, Pendo huyu ana kasoro, ningemuuza zamani. Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha kushonea. Na mimi, sijui nilitoa wapi ujasiri, nikamwambia:

"Lakini Daktari, na dume umempima?"

Akalizungusha gurudumu la cherehani yangu. Akasema, "Sijampima."

Ndipo akanieleza. Mwaka mmoja gesi ilichelewa kufika na mtungi ulikaribia kukauka. Mirija ile miwili ilikuwa juu kabisa, mahali panapopata joto mapema. Inawezekana mbegu zilikufa siku hiyo, miaka iliyopita, na yeye alikuwa akitunza mirija ya maji. Mtu aliyepima madume ya mkoa mzima, aliyewainamisha wazee kwenye hadubini mbele ya ukoo, dume huyu mmoja alimwogopa kama jogoo wa Bi Mwanahawa.

"Nikiangalia nikakuta peupe," akasema, "nitamwambia nini yule mzee?"

"Utamwambia hayo ndiyo majibu yenyewe."

Akaniangalia kwa jicho ambalo wanafunzi wake lazima walilijua. Kisha akacheka, kidogo, akaenda nyumbani kwake kuchukua hadubini.

Tukasubiri saa zitimie. Akayeyusha mrija wa mwisho kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya chupa yangu ya chai, akipima kwa kipimajoto chake, midomo inahesabu. Hodi. Karibu. Akaingiza. Alipotoa, kwenye ncha ya chombo kulikuwa kumebaki tone dogo, dogo kama jasho la sisimizi. Akaliweka kwenye kioo, akageuza kile kioo kingine kinase jua lililokuwa linaelekea kuzama, akainama. Akakaa hivyo. Akanyanyuka, akanipisha.

Nikainama. "Naona msitu, Daktari!"

"Hizo kope zako, fundi. Rudisha kichwa nyuma."

Nikarudisha. Palikuwa pametulia. Vitu vingi vidogo vimelala tu, mikia imenyooka, kama watu waliosinzia kwenye hotuba. Nikataka kunyanyuka nimpe pole. Hapo ndipo kimoja kikapita. Kikavuka kioo kutoka upande hadi upande kwa haraka zake, bila kuwaangalia waliolala. Nyuma yake kingine, kinayumba.

"Wawili," nikasema. "Mmoja amelewa."

"Mmoja anatosha," akasema Daktari. "Siku zote ni mmoja."

*

Siku ishirini na moja zikapita. Pendo hakulia. Arobaini na mbili, kimya. Mimi nilianza kutembea zizini kwa kunyata, mke wangu akaniuliza ni nani mwenye ujauzito, ng'ombe au mimi.

Desemba, wiki ya mwisho ya kazi yake, mtungi ukiwa umekwisha kurudishwa, Daktari alikuja kumpima kwa mkono. Alikuwa amevaa lile koti la kwanza kabisa, lile nililolishona vibaya, pale alipokata kwa mkasi pamechanika nyuzi. Akapaka sabuni.

"Hodi hapa."

"Karibu sana, Daktari."

Mkono ukaingia. Akafumba macho, kama afanyavyo siku zote, akawa anatafuta huko ndani kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba cha wageni. Mke wangu alikuwa amesimama na taulo. Bi Mwanahawa kichwa chake kilikuwa juu ya ukuta. Hata jogoo alinyamaza. Daktari akafumbua macho.

"Nimeitikiwa," akasema. "Ndani kuna mtu."

Akahamia Kondoa baada ya kustaafu, kwenye shamba lake. Sikumwona tena hadi Julai.

Ndama alizaliwa asubuhi, kipupwe kikali, upepo unapuliza vumbi mpaka kwenye sufuria. Nilimpigia simu kabla hata ndama hajakauka. Kesho yake alishuka na basi la kwanza kutoka Kondoa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliwahi mahali penye watu. Nikamwona getini, amepungua kidogo, mvi zimezidi, amesimama, haingii.

"Shikamoo, Daktari! Ingia, mbona hodi husemi?"

"Marahaba. Jogoo yuko wapi?"

"Alichinjwa Idi."

Akaingia. Zizini alikaa chini kabisa, kwenye majani, na ndama akaja kumnusa. Dume. Kekundu, kafupi, magoti yamegongana, sura ya mtu aliyeamshwa. Daktari akampitishia mkono kichwani, akabonyeza pale pembe zitakapoota, kushoto, kulia, akarudia kushoto. Akatoa simu, akabonyeza namba.

"Mbukwa, mzee. Msikilize huyu." Akamfinya ndama sikio kidogo, ndama akalia kwenye simu.

Sauti ya mzee ikasikika hadi nilipokuwa. "Mbona sauti nyembamba hivyo?"

"Ana siku moja, mzee wangu."

Upande wa pili kikatoka kicheko, kirefu, cha mtu asiye na meno mengi. "Mwambie mwenye zizi amtunze Kipembe!" Daktari akanitazama, akageuka kulitazama zizi, akasema kwenye simu, "Nitamwambia. Ila itabidi nimwangalie mwenyewe. Akifika mwaka na nusu nakuja kumpima." Nikamkaribisha maziwa kwa heshima ya siku. Akaomba chai ya rangi.

Alipoondoka aliniachia lile koti. "Halina kazi tena, fundi. Kata matambara." Lakini jioni upepo ulizidi, ndama akawa anatetemeka, na mimi nina cherehani. Nikalifumua koti, nikalipunguza, nikatoboa pa miguu, nikaweka kamba tumboni. Ule mkono wa kulia, mkono wangu wa vifungo, nikauacha ukining'inia pembeni. Nikamvika. Nikarudi nyuma nikaitazama kazi yangu, nikaona ni nzuri.

Bi Mwanahawa alikuwa ukutani muda wote huo. Alimtazama ndama, akanitazama mimi, akasema:

"Mama mtu ulimwogesha akitaka dume, mtoto mtu unamshonea koti. Fundi, ng'ombe wako hawaumwi. Anayeumwa ni wewe."